Viti Vilivyotazama Nyuma

Karani wa mahakama aliingia karakanani bila hodi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye plasta mpaka karibu na kiwiko, jino moja la mbele lilikuwa limemeguka, na kwa mkono uliosalia alikuwa akiburuta baiskeli ya mji ambayo gurudumu lake la mbele lilikuwa limepinda kama sinia lililokanyagwa na gari.

"Nani hapa kazi yake ni kugeuza viti?" aliuliza.

Mafundi wakaacha walichokuwa wakifanya. Redio ikapunguzwa. Spoki, fundi wa magurudumu, ambaye mdomo wake ulikuwa na breki hafifu kuliko chombo chochote mle ndani, alijibu, "Mama, hapa tunageuza vitu vingi. Labda ungetutajia aina ya kiti."

"Kijana, nisikilize vizuri, maana leo sina meno ya kuchekea."

Mkuu wa karakana alitoka kwenye chumba chake cha vioo, kalamu ikiwa bado sikioni. Alikuwa mhandisi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ambayo haikupanda wala kushuka. Mafundi walimwita Injinia akiwepo na Nukta akiwa hayupo, kwa sababu hakuwahi kukubali neno "karibu" likae mahali ambapo kipimo kingeweza kukaa. Alilijua jina hilo. Hakulichukia.

"Pole kwa ajali, mama. Kaa kwanza."

"Sikai. Nilikaa juzi kwenye kiti chenu, na yaliyonipata unayaona."

Katika mji ule hakuna aliyehitaji kufundishwa maana ya kiti kilichogeuzwa. Baiskeli za umma zilipoletwa mara ya kwanza, kampuni iliyopewa kazi ya kuziendesha ilibandika kwenye kila kituo namba ya simu ya kuripoti ubovu. Simu ile iliita mpaka watu wakaizoea kama wimbo. Basi watu wakajitungia njia yao. Ukipanda baiskeli ukakuta cheni inaruka au breki haishiki, unairudisha kituoni, unalegeza komeo la kiti, unakigeuza kitazame nyuma, unaenda zako. Anayekuja baada yako akiona ncha ya kiti imeelekea gurudumu la nyuma, anachukua nyingine. Gari la karakana likipita, linapakia zile zenye viti vilivyogeuka na kuziacha zile nzima.

Nukta aliupenda mpango huo kuliko kitu chochote alichowahi kuchora mwenyewe. Mji mzima ulikuwa umejaa wakaguzi, na hakuna hata mmoja aliyedai mshahara.

"Sema ilivyokuwa," alimwambia karani.

"Asubuhi niliichukua hii kituo cha sokoni. Kufika kwenye mzunguko wa barabara, nikabana breki. Mkononi imekaza vizuri kabisa. Lakini yenyewe inaenda tu, kama mtoto aliyeitwa nyumbani wakati anacheza. Nikaisimamisha kwa miguu, soli ya kiatu ikabaki barabarani. Nikajikokota mpaka kituo cha mahakama, nikaiweka, nikageuza kiti. Mimi mwenyewe, kwa mkono huu, ulipokuwa mkono. Jioni natoka kazini, naikuta ileile. Mtoto wa mtu alibandika kipepeo cha karatasi kwenye fremu, ndicho nilichoitambulia, kile pale, kitazame. Na kiti kimenyooka! Nikasema moyoni, kumbe hawa watu wanachapa kazi. Nikaipanda kwa furaha. Niliwasifu mteremko mzima, mpaka sifa zikaishia kwenye ukuta wa posta."

Hakuna aliyecheka, hata Spoki.

Nukta aliinama akasoma namba iliyochongwa kwenye fremu. Kichwani mwake namba zilikaa kama majina ya ndugu yanavyokaa kwa wengine.

"Mama, baiskeli yenye kiti kilichogeuzwa haitengenezwi barabarani. Huletwa hapa. Hii haijaingia hapa tangu mvua zianze. Kwa hiyo, ama siyo ile uliyoipanda asubuhi, ama kiti hukukigeuza."

Alisema kwa upole kabisa, kama mwalimu anayemwonyesha mwanafunzi alipokosea kutoa.

Karani akamsogelea. "Binti, mimi nimezeeka nikiandika maneno ya waongo. Nawajua kwa harufu. Wewe si mwongo. Wewe hujui tu, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu mwongo angalau anajua kilichotokea." Akaiachia baiskeli, ikaanguka sakafuni kwa kishindo. "Nakuachia. Nitataka jibu la swali langu."

Akatoka. Spoki akapuliza pumzi. "Huyo mama akihukumu yeye badala ya hakimu, tumekwisha."

"Leta funguo za boliti," Nukta alisema.

Breki iliyokuwa kwenye kitovu cha gurudumu lile, ambacho mafundi hukiita habu, ilikuwa kazi ya mikono yake. Baiskeli za kwanza zilikuwa na breki za raba za kubana ringi, na raba zile ziliibwa, zililiwa na mchanga, zikahitaji kukazwa kila mara. Gharama za kuzitunza zilikuwa zinaitafuna kampuni mfupani. Nukta ndiye aliyechora breki ya kufichwa ndani ya habu, ambako mwizi haoni na mchanga hauingii. Sehemu moja tu ilikuwa imemsumbua: pete ya mpira inayozuia grisi ya beringi isivuke kwenda kwenye viatu vya breki, vile vipande vinavyobana ukuta wa habu. Pete hiyo iliuzwa na kiwanda kimoja tu cha ng'ambo, nayo ilichukua msimu mzima kufika. Akaibadilisha. Akaweka pete ya sufu nzito iliyoshindiliwa, ambayo fundi yeyote angeweza kuikata kwa mkasi. Aliijaribu karakanani kwa wiki kadhaa. Ilifanya kazi.

Na baada ya breki ile kufungwa kwenye baiskeli zote, baiskeli mbovu zilianza kupungua. Mstari wa matengenezo kwenye ubao wa ofisini ulishuka, ukashuka tena. Meneja wa kampuni alimpa mkono mbele ya watu. Halmashauri ya mji ilivutiwa ikaagiza baiskeli mpya mara mbili ya zilizokuwepo, zote na breki ya Nukta. Hafla ya kuzipokea ilipangiwa siku iliyofuata ile ya karani kuja, na hati ya kuthibitisha usalama wake ilikuwa ikimngoja yeye aweke sahihi.

Alifungua habu ya baiskeli yenye kipepeo. Pete ya sufu ilitoka imelowa na kunata, nyeusi kama tambi ya taa. Viatu vya breki viling'aa kwa grisi. Alibana mkono wa breki: ulikaza barabara, kama karani alivyosema. Viatu vilisukuma ukuta wa habu kwa nguvu zote na kuteleza juu yake kama sabuni.

"Moja," alisema, kwa kujizuia. "Moja si ushahidi."

"Ndiyo, Injinia," Spoki alisema, akiangalia dari.

"Una la kusema, liseme."

"Mimi nilijiuliza tu. Mwaka jana hapa palikuwa hapana pa kukanyaga kwa baiskeli. Sasa tunacheza karata saa nne asubuhi. Nikasema, hongera Injinia. Lakini moyoni nikasema, mh."

"Hiyo 'mh' ungeitoa mdomoni."

"Nani atoe 'mh' mbele ya ubao wako?"

Nukta alitoka. Kituo cha mahakama kilikuwa mwendo wa miguu. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mgahawa wenye meza mbili nje. Akaagiza chai, akakaa.

Kwenye kituo kulikuwa na safu ya baiskeli, na viti vitatu vilitazama nyuma. Alivitazama bila kupepesa. Msichana mwenye begi la shule alikuja, akavipita vile vitatu bila hata kupunguza mwendo, akachukua ya nne. Mpango ulikuwa hai. Nukta alihisi afueni ndogo.

Kisha gari la karakana likaja.

Dereva aliteremka akipiga mluzi. Alikuwa mtu mnene kiasi, mwenye mwendo wa raha. Mafundi wote walimwita Shemeji, hata wale waliomzidi umri, kwa sababu alikuwa mume wa bosi wao. Asubuhi ile Nukta alikuwa amemtengea chai kwenye meza yao na kumkumbusha kofia.

Shemeji hakufungua mlango wa nyuma wa gari. Alichomoa kitambaa mfukoni, akaiendea baiskeli ya kwanza, akalegeza komeo, akakizungusha kiti kikatazama mbele. Akakifuta vumbi. Akabana breki mara moja, kama mtu anayemsalimia mtoto kwa kumfinya shavu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaenda ya pili. Akaenda ya tatu. Kisha akarudi hatua chache nyuma, akapiga picha ya safu nzima kwa simu, ikiwa imenyooka, safi, inapendeza.

Chai ilikuwa imemwagika kwenye sketi ya Nukta na hakujua ilimwagika lini. Kitu cha moto kilikuwa kinapanda ndani yake, hakina umbo. Hakuwa mtu wa hasira. Aliiona hasira kama kipimo kilichokosewa. Alivuka barabara bila kuangalia upande wowote, na pikipiki moja ikampigia honi ndefu.

"Mume wangu."

Shemeji aliruka. "Mama watoto! Utaniua kwa mshtuko. Unafanya nini huku?"

"Nilikuwa nakunywa chai. Wewe unafanya nini?"

"Si kazi."

"Kazi ipi?"

Alitazama kitambaa mkononi mwake kama kwamba kilikuwa cha mtu mwingine. "Kupanga vituo."

"Kazi yako ni kupakia baiskeli mbovu na kuniletea. Hii hapa, hii hapa na hii hapa zilikuwa mbovu. Nimeziona. Umeziponya kwa kitambaa?"

"Punguza sauti, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Tangu lini?"

"Tangu mkataba mpya," alisema, akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. "Meneja alituita madereva wote. Halmashauri sasa inalipa kwa picha. Baiskeli iliyosimama sawa inalipiwa. Yenye kiti kilichogeuka ni maiti, haipati kitu. Na kuipakia ni mafuta ya gari, na kuitengeneza ni pesa nyingine. Akasema watu wanageuza viti kwa utundu tu, tuwe tunavinyoosha."

"Ukakubali."

"Sikukubali hivihivi! Nilizijaribu. Nabana breki, inakaza. Jaribu mwenyewe, bana. Inakaza au haikazi?"

"Inakaza."

"Sasa! Nikasema kweli, ni utundu. Ningejuaje? Mimi ni dereva."

"Ungeniuliza. Unalala na mtu aliyeichora."

Shemeji alikunja kitambaa mara mbili, tatu. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka. "Unakumbuka mvua za mwaka jana nilipokuletea gari zima limejaa? Hukuongea nyumbani wiki nzima. Watoto wakaniuliza kama umefiwa. Halafu mstari wako ukaanza kushuka. Siku moja ukarudi unaimba. Wewe, kuimba! Nilitoka jikoni nikidhani ni mgeni. Ningefanya nini? Nikuletee tena gari zima mlangoni, safari hii la breki zako?"

Hapo ndipo hasira ilipopata umbo. Alikuwa ameusoma ule mstari kila jioni, ameupigia hesabu, ameuchorea jedwali, ameutolea hotuba. Na mstari ule ulikuwa mume wake na kitambaa.

"Kila kiti hapa kilikuwa kinasema," alisema. "Mtu ameumia, akipiga simu haipokelewi, hana ofisi ya kumsikiliza, anageuza kiti ili mwenzake asiumie. Na wewe ukapita ukawaziba midomo, mmoja mmoja, ukawafuta na vumbi. Kuna mwanamke ana plasta mpaka hapa. Aligeuza kiti mwenyewe asubuhi, akakikuta kimenyooka jioni, akakuamini."

"Mama gani?"

"Usiniulize mama gani! Wangapi usiowajua?"

"Unanigombeza barabarani kama mtoto."

"Nyumbani utagombezwa upya."

Ofisi ya meneja ilikuwa na zulia na feni mpya, na meneja mwenyewe alikuwa mtu wa maneno laini ambaye hakuwahi kuinua sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Alimsikiliza Nukta mpaka mwisho. Kisha akavuta kiti chake karibu na meza.

"Injinia, tuseme ukweli. Kununua baiskeli ni rahisi. Kila mtu hukata utepe wa kununua. Kuitunza ndiko kunakoua miradi ya namna hii, hapa na kwingine. Umeona mwenyewe hesabu: tukipakia kila kiti kinachogeuzwa, kampuni inafungwa, mafundi wako wanakwenda nyumbani, na mji unarudi kutembea kwa miguu. Mimi nimeuweka mradi hai."

"Umezihesabu baiskeli mbovu kuwa nzima."

"Nimezihesabu zilizosimama. Mkataba unasema zilizosimama." Akatabasamu. "Na tusisahau, breki ni yako. Pete ya sufu ni yako, sahihi ni yako. Ukisimama kesho useme ni mbovu, unamsema nani?"

Alikuwa sahihi, na Nukta alimchukia zaidi kwa hilo.

"Tubadilishe pete," alisema. "Tuagize za mpira, tusimamishe baiskeli zote mpaka zifike."

"Awamu ya pili. Tutaliweka awamu ya pili. Na kuhusu viti usiwe na wasiwasi, hilo nimeshalimaliza. Hukuziona baiskeli mpya? Kiwanda kimechomelea kiti moja kwa moja kwenye bomba. Hakigeuki."

Nukta aliinuka akatoka bila kuaga. Katikati ya ngazi akasimama, akashika chuma cha ngazi mpaka vidole vikauma. Walikuwa wameisikia sauti ya mji mzima, wameielewa vizuri sana, na wameichomelea.

Nyumbani hakugombeza. Ilikuwa mbaya zaidi. Aliweka chakula mezani, akala, akaosha sahani yake peke yake. Shemeji alisema, "Basi piga kelele, tumalize." Hakujibiwa. Alisema, "Ukikataa kesho, tutafukuzwa wote wawili. Siku hiyohiyo. Karo ya watoto je?" Nukta alimtazama kama mtu anayetazama swali ambalo jibu lake lipo, ila halipendezi. "Najua," alisema.

Hafla ilifanyika mbele ya jengo la halmashauri, chini ya turubai. Baiskeli mpya zilipangwa kwa safu ndefu, rangi yake ikiwa bado na harufu, viti vyote vikitazama mbele kwa sababu havikuwa na hiari nyingine. Mwenyekiti wa halmashauri alikuwa kwenye kiti cha mbele na madiwani wake. Mafundi walisimama nyuma na sare zilizopigwa pasi. Pembeni, kwenye kivuli cha gari, Shemeji alisimama na boksi la vifaa. Na kati ya watazamaji, plasta nyeupe ilionekana kutoka mbali: mahakama ilikuwa ng'ambo ya barabara, na karani alikuwa amekuja.

Meneja alizungumza vizuri. Alitaja mstari ulioshuka. Kisha akamwita Injinia wetu mpendwa aje kuweka sahihi, watu wakapiga makofi.

Nukta alikwenda mezani, akaichukua kalamu, akaiweka chini. Akakivuta kipaza sauti.

"Breki hii niliichora mimi. Haifai. Sitaweka sahihi."

Meneja akacheka, kicheko kizuri cha mwenyeji. "Injinia wetu ana utani mkavu, waheshimiwa."

"Sina utani wowote. Breki inavuja grisi kwa ndani ikipata moto wa mteremko. Mkononi inakaza, barabarani haishiki."

"Haishiki?" Meneja alivua koti. Kabla mtu hajasema neno alikuwa amepanda baiskeli ya kwanza, akazunguka uwanja kwa kasi, tai ikipepea begani, akaja moja kwa moja mbele ya mwenyekiti na kubana. Baiskeli ikasimama palepale, kama imepigiliwa msumari. Madiwani wakapiga makofi. Mmoja akapiga mluzi.

"Inashika," mwenyekiti alisema, akimgeukia Nukta kwa huruma kidogo.

"Leo inashika. Itashika mpaka grisi ivuke pete. Hilo siwezi kukuonyesha leo, mheshimiwa, kwa sababu hizi ni mpya. Hii si mpya." Alifungua mfuko wake, akatoa kiatu cha breki kilichofungwa kwenye gazeti, akamwekea mwenyekiti kiganjani. Mwenyekiti akakishika bila kufikiri. Kikateleza, kikamponyoka, kikaacha alama nyeusi kwenye kiganja na kwenye shati.

"Moja," meneja alisema, sauti ikiwa bado laini. "Katika baiskeli zote za mji, moja. Ubao wetu unaonyesha nini? Ubovu umeshuka. Injinia mwenyewe ndiye aliyeuchora huo mstari."

Maneno aliyojiambia mwenyewe karakanani yalimrudia kutoka mdomo wa mtu mwingine, na Nukta alihisi uso ukimwaka. Alikuwa na jibu. Jibu lilikuwa limesimama kwenye kivuli cha gari, limeshika boksi la vifaa, linatazama viatu vyake. Hakumtaja. Alimtazama tu, kwa hasira yote aliyokuwa nayo, akangoja.

Lakini aliyesema alikuwa karani. Alipita katikati ya watu na plasta yake mbele kama pembe.

"Naomba niulize swali langu," alisema, kwa sauti iliyozoea kuomba ukimya mahakamani. "Nililiuliza jana sikujibiwa. Nani hapa kazi yake ni kugeuza viti?"

Mafundi wakatazamana.

Shemeji aliweka boksi chini. Aliinua mkono, nao ulikuwa na kile kitambaa, labda kwa mazoea tu.

"Mimi," alisema. "Mimi na madereva wengine. Mnageuza, tunanyoosha. Tunapiga picha. Hatupakii." Akamtazama meneja. "Tuliambiwa."

"Nani aliyewaambia?" mwenyekiti aliuliza.

"Hilo ni suala la kiofisi, mheshimiwa, tunaweza—" meneja alianza.

"Sikukuuliza wewe."

Kelele zikaanza nyuma, kwanza kidogo. Mtu akapaza sauti kwamba yeye pia aligeuza kiti, wiki mbili zilizopita, kituo cha stesheni. Mwingine akasema mama yake alivunjika bega. Mwingine akamtukana meneja tusi moja fupi, na askari wa mlangoni akajifanya hakulisikia. Ikawa kila mmoja anazungumza: wakaguzi wote wa mji, wale wasiodai mshahara, kwa mara ya kwanza katika sehemu moja.

Karani alikuwa amefika mbele ya Shemeji, karatasi imekunjwa juu ya plasta, kalamu mkono wa pili. "Jina lako kamili. Na ulitaje polepole, maana naandikia juu ya mkono wangu mwenyewe."

Shemeji akalitaja.

Nukta alikwenda mpaka kwa mumewe. Alinyoosha mkono, na kwa muda alionekana kama anataka kumshika wake. Akaugeuza kiganja juu.

"Ufunguo wa boliti."

Mumewe aliutoa kwenye boksi, akampa. Nukta hakumshukuru. Alirudi kwenye safu ya baiskeli mpya, akajaribu kiti cha kwanza kwa mikono miwili, na kweli hakikugeuka. Basi akaweka ufunguo juu ya usukani, akalegeza boliti, akauzungusha usukani wote ukatazama nyuma, mikono ya breki ikielekea mpandaji kama pembe zilizoota ndani. Akakaza. Akaenda ya pili.

"Injinia, unaharibu mali ya umma!" Ulaini wote ulikuwa umemtoka meneja. "Mzuieni! Wewe, dereva, zinyooshe hizo!"

Shemeji hakusogea. Spoki alikuwa ameshachukua ufunguo mwingine kwenye boksi, akaanza upande wa pili wa safu, na mafundi wawili wakamfuata na sare zao za pasi. Mwenyekiti alisimama akijifuta kiganja kwa leso, na kadiri alivyofuta ndivyo grisi ilivyosambaa. Hati ilibaki mezani. Upepo ukaufunua ukurasa wa mwisho, ule wenye mstari mtupu wa sahihi, ukaufunga tena.

Walipokutana katikati ya safu, Nukta na Spoki, hapakubaki baiskeli iliyotazama mbele.

"Injinia," Spoki alisema akihema, "kesho tutakuwa na kazi kweli?"

"Hatutakuwa na ajira. Kazi ipo." Aligeuka. Shemeji alikuwa amekuja mpaka ukingo wa turubai, hana uhakika kama anaruhusiwa kuvuka.

"Mama watoto," alisema kwa sauti ya chini. "Nimesema. Umenisikia nimesema?"

"Nimesikia." Hasira haikuwa imepungua hata kidogo, wala hakutaka ipungue, bado ilikuwa na shughuli. "Gari lina mafuta?"

"Linayo."

"Nenda kituo cha sokoni, halafu mahakama, halafu stesheni. Kila kiti ulichonyoosha, baiskeli yake naitaka karakanani, nitaifungua mwenyewe."

"Sizikumbuki zote."

"Basi pakia zote."

Alisimama kidogo, kama anayengoja neno jingine. Hakulipata. Akakirudisha kitambaa mfukoni, akakitoa tena, akakitupa kwenye pipa la taka kando ya mlango wa halmashauri. Kisha akaenda kufungua mlango wa nyuma wa gari, ambao bawaba zake zililia kwa kutotumika.